Safisheni Shamba Lote

Picha ya uso wangu uliovimba niliituma mwenyewe kwenye kundi letu, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Mwanahamisi aliuliza nimepigwa na nani. Bi Rehema aliuliza kama ni surua. Wengine mlicheka tu, na majina yenu ninayo. Nimekaa wiki nzima nikimjibu kila mtu kivyake, nimechoka, sasa naandika mara moja na kila mtu asome. Nilikwenda Kigoma, kule juu Kasulu na Kibondo, kuwafundisha watu waache kukata miti. Ilibaki kidogo niangamize msitu mzima kwa simu, nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Tanga na kikombe cha chai mkononi.

Simu

Kazi yangu mnaijua na mnaitania kila siku: natengeneza mkaa mbadala. Unachukua mabua ya mahindi, magunzi, maganda ya muhogo, unavichoma ndani ya pipa lisilopitisha hewa vizuri, unasaga, unachanganya na uji mwepesi wa muhogo, unakandamiza kwa mashine, unaanika. Unapata vipande vyeusi vinavyowaka polepole bila kumtoa mpishi machozi, na hakuna mti ulioguswa. Huko ninakokwenda kufundisha wananiita Mama Mkaa. Nililipenda jina hilo mpaka safari hii.

Safari hii niliitwa na shule moja ya bweni huko Murungu, wilaya ya Kibondo. Walikuwa wameagizwa waache kupikia kuni, nao hawakuwa na kingine cha kupikia. Mwalimu mkuu alikuwa ameenda kwenye semina, simu ya shule akamwachia mpishi mkuu, Mzee Bukuru, ambaye pia ndiye msimamizi wa kazi za wazazi. Nikampigia ili nikifika nikute mabua tayari, kwa kuwa msimu wa mavuno ulikuwa umepita na niliamini yamelala tu shambani.

"Mzee Bukuru," nikamwambia, "kabla sijafika, safisheni shamba la shule."

Akalirudia neno langu: "Shamba la shule?"

"Ndiyo, lote. Msiache kitu. Vyote mvikusanye, mvianike, nikifika tunavifanya mkaa."

"Lote, mama?"

"Lote, Mzee. Mpaka vijiti."

Akakohoa. "Na nyuki?"

Nilishangaa nyuki wanaingiaje kwenye mabua ya mahindi, lakini nikasema moyoni hayo ndiyo mambo ya bara. "Nyuki waondoeni," nikajibu, "wasije wakaniuma."

"Na maji yale ya chini?"

"Maji tutayahitaji sana," nikasema, maana nilikuwa nawaza uji.

Mzee Bukuru akavuta pumzi ndefu, niliisikia mpaka Tanga. "Haya. Jumatano ni gulio, tutaanza Alhamisi. Wewe ndiwe serikali."

Mimi si serikali, hata ujumbe wa nyumba kumi sijawahi kuupata. Lakini ilinipendeza masikioni, sikumsahihisha. Na ndiyo mara pekee katika safari nzima ambayo sikumsahihisha mtu, maana mnanijua nilivyo na Kiswahili. Ndani ya basi nilimsahihisha kondakta aliyesema "nauli zako," nikamsahihisha abiria wa pembeni aliyesema "mimi naendaga," na tulipofika Nzega nilikuwa nakaa kiti cha watu wawili peke yangu.

Kasulu na Heru Juu

Nilianzia Kasulu kwa sababu mashine yangu ya kukandamizia ilikuwa huko, na akina mama wa Heru Juu walikuwa wameomba mafunzo ya siku mbili. Kasulu asubuhi ina baridi ambayo hakuna aliyenionya. Mwenyeji wangu, Mwalimu Tusekile, mzaliwa wa Tukuyu aliyepangiwa kazi huko miaka sita iliyopita, alinikuta stendi nimejifunga khanga zangu zote mbili kichwani.

Tulikwenda Heru Juu kwa bodaboda mbili, moja ikiwa imebeba mashine. Safari ni fupi, lakini Waha hawapiti mtu bila kumsalimu, na kusalimu kwao si kupunga mkono. Dereva wangu alikuwa akimwona mtu, anapunguza mwendo, anasimama, anashikwa mikono. Wanaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mgonjwa, halafu wanaanza upya kana kwamba ya kwanza ilikuwa majaribio. Watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nasema "Mwakeye" kwa kila mmoja, neno nililofundishwa stendi, nikiona nimeshamaliza lugha yao yote.

Mafunzo yalikwenda vizuri mpaka kwenye uji. Niliomba unga wa muhogo, nikakoroga uji mwepesi kwenye sufuria kubwa, nikamgeukia bibi mmoja aliyekuwa karibu na beseni la unga mweusi wa mkaa.

"Bibi, mimina uji humu."

Bibi akaniangalia, akaangalia uji, akaangalia lile vumbi jeusi. "Oya," akasema.

Nikadhani sikusikia. "Naam?"

"Oya."

Enyi mlio Tanga na Dar mnajua oya ni neno la vijana wa vijiweni. Bibi mzima, mwenye mvi, ananiita oya mbele ya watu. Damu ilinipanda. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kwetu mtu mzima haitwi hivyo, kwamba nina wajukuu, na kwamba kama hataki kufundishwa aseme. Yule bibi alinisikiliza mpaka mwisho kwa utulivu, halafu akasema tena, polepole kidogo, kama mtu anayemsaidia mtoto mgumu wa kuelewa: "Oya."

Mwalimu Tusekile alikuwa amejishika tumbo. "Bi Zuhura," akasema alipopata sauti, "oya kwa Kiha ni hapana. Anakataa kumwaga chakula kwenye majivu."

Nilimwomba bibi radhi, naye akanisamehe kwa kuunywa uji wote yeye na wenzake, ikabidi nikoroge mwingine. Mchana walitupa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na dagaa wa ziwani pembeni. Nilikula nikasahau aibu. Nikamwuliza Tusekile kama kuna maneno mengine ya namna ile, yanayofanana na yetu na maana yakawa mbali.

"Mengi," akasema. "Lipo moja ambalo—" Hapo akaitwa na mwalimu mwenzake kuhusu mtihani, na mimi nikarudi kwenye mashine. Nawaapia, ningemngoja amalize sentensi ile, uso wangu ungebaki kama Mungu alivyouumba.

Lori la maharage

Alhamisi asubuhi nilipata lifti ya lori la maharage kutoka Kasulu kwenda Kibondo. Mashine ilifungwa juu ya magunia, mimi nikakaa mbele na dereva, Kagoma, Muha wa Kasulu mwenye mdomo mwepesi kuliko gari lake. Katikati yetu alikaa Bibi Yoranda, mkwewe, aliyekuwa anakwenda Busunzu kumwona binti yake mwingine, na kuku mmoja ndani ya kikapu.

Tulipita Makere, na mbele kidogo mvua ikashuka. Ilikuwa mwezi wa tisa, mwezi ambao Kagoma alisema tangu azaliwe hakuwahi kupandisha vioo kwa ajili ya mvua. "Siku hizi inakuja ikijisikia," akasema. "Mwaka jana watu walipanda kwa mvua kama hii. Wiki ya pili jua likawaka, mbegu zikaiva ardhini." Kipande kile cha barabara kilikuwa kinatengenezwa, tukaelekezwa kwenye njia ya pembeni ya udongo mwekundu. Haikuchukua dakika kumi tairi za nyuma zikazama.

Kagoma alishuka, akazunguka lori, akarudi na viatu vya matope. "Nimeoa miaka ishirini nimetulia," akasema, "leo mchepuko ndio unaniponza." Bibi Yoranda hakuielewa na hakuna aliyethubutu kumweleza.

Tukangoja greda la mkandarasi litusaidie. Bibi akatoa mihogo ya kuchemsha na karanga kwenye kitambaa, tukala sote watatu, na kuku akapewa haki yake. Mvua ilipokatika, msitu wa pembeni mwa barabara ukawa unatoa moshi wa maji, na mimi nikasema ni mzuri. Bibi akafurahi, akaanza kunisimulia.

"Mjukuu wangu alipotea shamba siku mbili," akasema. "Shamba kama hii."

"Shambani siku mbili?" nikauliza. "Shamba gani kubwa hivyo, Bibi? La mkonge?"

"Shamba. Ile yenye nyani."

"Nyani wameingia shambani."

"Hawakuingia," Bibi akasema kwa mshangao. "Wanakaa mule. Ndiko kwao."

Nikamweleza, kwa sauti ile mnayoijua, kwamba shamba ni pale mtu anapolima, na kwamba pale penye miti na nyani panaitwa msitu. Kagoma aliyekuwa anakwangua matope kwenye viatu akacheka. "Mama, huyu bibi anasema Kiha chake kwa nguo za Kiswahili. Kwetu msitu ndio ishamba. Pale pa kulima tunasema umurima. Vijana tunajua tofauti, tumesoma. Wazee ukiwaambia shamba, wanaona miti."

Nikaurudisha muhogo kwenye kitambaa. Nilirudi moyoni kwenye ile simu, neno moja baada ya jingine. Safisheni shamba la shule. Lote. Msiache kitu. Nikifika tunavifanya mkaa. Nyuki waondoeni.

"Kagoma," nikasema, "unaijua shule ya Murungu?"

"Nimesoma pale."

"Ina shamba?"

"Ya kulima? Vipande viwili vya mahindi nyuma ya bweni, bustani tu. Lakini ishamba wanalo, ndiyo. Wazee waliwapa shule msitu juu ya chemchemi. Kijiji kizima kinakunywa pale. Ndilo wanaliita shamba la shule."

"Leo siku gani?"

"Alhamisi," akasema Kagoma, na Bibi Yoranda, kuku na mimi tukatazama zile tairi zilizozama.

Pilau ya Kibondo

Simu ya Mzee Bukuru ilikuwa inazima na kuwaka kufuatana na jua, maana wanachaji kwa sola ya dukani. Nilimpigia mara nisizoweza kuhesabu. Greda lilikuja baada ya saa mbili. Tulimshusha Bibi Yoranda Busunzu, ambako binti yake alitusalimu, mumewe akatusalimu, na jirani akaja kutusalimu kwa kuwa alitusikia tukisalimiwa. Nilitoa mkono kwa kila mmoja na meno nimeyauma. Tulipoingia Kibondo mjini adhuhuri ilikuwa imeshapita.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilimwona mzee mwenye kofia ya kufuma, nikajua ni wa kwetu kabla hajafungua kinywa. Ami Abdalla, mzaliwa wa Pangani, yuko Kibondo tangu ujana wake. Nilipomwambia natoka Tanga aliacha kupima misumari.

"Ami, nina dharura," nikamwambia. "Kuna msitu unakatwa Murungu kwa ajili yangu."

"Utakula kwanza," akasema.

"Ami, kila dakika ni mti."

"Mtu wa nyumbani apite dukani kwangu na njaa, nitamweleza nini mama yangu kaburini? Leo kuna pilau."

Nilipoona kwamba kubishana kutachukua muda mrefu kuliko kula, nikakaa. Na pilau ilikuwa pilau, siwafichi, yenye bizari iliyokaangwa hasa, na kachumbari. Nikawa nala huku nalia. Mke wa Ami akadhani ni pilipili, akaniletea maziwa.

Ami hakukaa bure lakini. Alikuwa na namba ya mwalimu mmoja mteja wake, anayekaa jirani na shule. Akapiga, haikupatikana. "Ujumbe utafika," akasema, "huko mtandao unakuja kwa vipindi, ukija unakuta ujumbe umengoja." Akanipa simu yake niandike mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa na pilau, nikaandika kwa wa kushoto, bila miwani, na simu yenyewe ilikuwa ya kisasa, ile inayokumalizia maneno kabla hujafikiri. Nilikusudia kuandika: Msikate miti, nakuja. Nikabonyeza, nikamrudishia, nikashusha pumzi. Nikamwachia Ami ile mashine ailete na gari lake la mzigo, mimi nikatafuta pikipiki.

Kwenda Murungu

Eliya wa bodaboda alikuwa baba wa watoto wawili, mwenye adabu sana, na hapo ndipo ilipokuwa taabu. Mtu wa kwanza tuliyekutana naye njiani, Eliya akaanza kupunguza mwendo.

"Usisimame," nikamwambia.

"Mama, huyo ni shemeji."

"Msalimu kwa honi."

"Kwa honi?" Aligeuka kunitazama kwa huzuni, pikipiki ikiwa mwendoni. Tukasimama. Wa pili alikuwa kaka wa padri wake. Wa tatu hakumfahamu, na ndiyo maana, alinieleza, ilibidi achukue muda zaidi.

Karibu na shule tulipita penye chemchemi, akina mama wamepanga ndoo. Nikashuka kuuliza kama wamesikia shoka. Mmoja wao, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akanionyesha kwanza maji, kama mwenyeji anavyomwonyesha mgeni nyumba.

"Zamani ilikuwa inafika hapa," akasema akigusa jiwe lililokuwa juu ya goti lake. Maji sasa yalikuwa yanapita chini ya kifundo cha mguu. "Mvua imebadilika, inakawia, halafu inamwaga yote siku moja, inakimbia. Kinachotubakizia haya ni ile miti." Akainua kidevu kuelekea kilimani. "Na leo wanaikata. Ati kuna mama wa serikali anakuja, anaitaka yote."

"Mmekubali?" nikauliza, na sauti ilinitoka ndogo.

"Wanaume wamekubali. Sisi tumekuja kuchota mapema."

Hapo ndipo nilipoona kitu chenyewe. Wale akina mama walikuwa wanajaza kila chombo, mpaka masufuria, mpaka beseni za kuogeshea watoto, kana kwamba maji yanasafiri na hayatarudi. Sikuweza kuwaambia kwamba mama wa serikali ndiye mimi. Nilipanda pikipiki, na kutoka juu nikasikia shoka.

Msituni

Nilikimbia. Mnaujua mwili wangu, mnajua mara ya mwisho nilipokimbia ilikuwa harusi ya Mwanahamisi, maji yalipokatika. Nilipita bweni, nikapita vile vipande viwili vya mahindi ambamo mabua yangu yalikuwa yamelala kwa raha zake hakuna aliyeyagusa, nikaingia chini ya miti. Watu kama arobaini, wazazi wa wanafunzi, wamesimama na mapanga na mashoka. Mti mmoja mkubwa wa mninga ulikuwa umeshalala. Juu ya miti ya nyuma mbega wamekaa mstari, weusi kwa weupe, wametulia kama wajumbe wa mkutano.

"Acheni," nikapiga kelele. "Acheni, si hivi nilivyosema."

Mzee Bukuru alikuwa mwembamba, mrefu, na kofia ya sufu. Akaweka shoka chini, akaja na mikono yote miwili kunisalimu. "Karibu, Mama Mkaa. Ujumbe wako umefika. Umetutia nguvu sana."

"Umefika na bado mnakata?"

"Tulikuwa tumeacha," akasema. "Mti wa kwanza ulipoanguka nyuki walitufukuza wote, watu wakaenda makwao. Halafu mwalimu akaja mbio na simu yake. Tukasema, basi mama anatuamini, turudi."

Mwalimu akanionyesha simu yake. Nikavaa miwani. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Msikate tamaa, nakuja.

Nilikuwa bado nayasoma maneno hayo nyuki wa kwanza aliponipata juu ya mdomo. Kelele zangu ziliwachokoza upya. Wa pili alinipata kwenye jicho, wa tatu sikioni, na baada ya hapo sikuhesabu. Mzee Bukuru alinifunika kwa koti lake, akaniketisha nyuma ya gogo, akanipulizia moshi wa majani mabichi mpaka wakaniacha. Nilipofunuliwa, mdomo wa juu ulikuwa umekuwa mzito, na mimi, niliyemsahihisha kondakta kutoka Segera mpaka Nzega, nikasimama kuwahutubia watu wa Murungu kwa Kiswahili ambacho hata mtoto wa chekechea angekionea haya.

"Ndugu jangu," nikasema, "nimekoshea. Shikutaka nshitu. Nilitaka nabua. Nabua ya nahindi."

Wakatazamana. Mzee Bukuru akaniomba nirudie. Nikanyosha kidole kwenye mahindi: "Unurina." Nikanyosha kwenye miti: "Ishanba, oya. Oya. Oya."

Halafu mwanamke mmoja nyuma akaelewa, akaangua kicheko mpaka akakaa chini, akamweleza wa pembeni, naye akakaa. Kicheko kikapita kwa watu wote arobaini. Walinicheka kwa Kiha na kwa Kiswahili, wakayarudia maneno yangu na mdomo wangu, mpaka leo nadhani Murungu mabua yanaitwa nabua. Nilicheka nao kwa upande ule wa uso uliokuwa bado wangu.

Mzee Bukuru peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya shina la ule mninga ulioanguka. Mizinga miwili ya magogo ilikuwa imewekwa chini pembeni, na nyuki waliobaki walikuwa wanaizunguka.

"Huu ni wa nani?" nikauliza.

"Baba yangu ndiye aliyetundika mizinga hapa. Nilianza na huu," akasema, "ili watu wasiseme msimamizi ameacha wa kwake."

Nililia, na si kwa sababu ya nyuki. Nilimwomba msamaha hapo hapo, nimekaa juu ya gogo la baba yake, na yeye akawa ananipa pole mimi kwa ajili ya mdomo. Hiyo iliniumiza kuliko miiba yote.

Maharage

Nilikaa Murungu siku tisa badala ya tatu. Mabua yalikusanywa asubuhi moja tu, maana watu waliokuja tayari kukata msitu hawashindwi na mabua. Ami alileta mashine mwenyewe, na sahani ya pilau juu yake. Tulichoma, tukasaga, tukakoroga uji, na safari hii niliweka sufuria mbili, moja ya mkaa na moja ya kunywa. Mvua ya kubahatisha ilitunyeshea mkaa wa kwanza ukayeyuka wote, tukaanza upya chini ya bati. Lile gogo Mzee Bukuru hakukubali liguswe kwa moto. Alisema atalichonga mizinga, ataitundika kwenye mti wa jirani, nyuki watapanga pale mpaka wazoee.

Siku ya nane tulipika maharage ya shule nzima bila ukuni hata mmoja. Yalichelewa, sitawadanganya, na wanafunzi waliimba nyimbo za njaa nje ya jiko. Lakini jiko lilikuwa halina moshi, na Mzee Bukuru alisimama mbele ya sufuria lake macho makavu, akasema hajawahi kuiona rangi ya ukuta wa pili wa jiko hilo tangu aajiriwe.

Watoto walipokwisha kupakuliwa tukakaa wawili kwenye vigoda na sahani zetu. Lilikuwepo jambo lililonikaa tangu siku ya kwanza, nikaona nisipoliuliza hapo nitaondoka nalo.

"Mzee, mlijua chemchemi itakauka. Akina mama walijua. Kwa nini hamkunikatalia?"

"Tulikataa," akasema. "Siku ile ulipopiga simu tulikaa tukakataa. Kesho yake tukakaa tena, tukakataa tena. Nilikuwa nimeshaishika simu nikuambie." Akatafuna kidogo. "Halafu mke wangu akasema, hebu ngojeni. Mtu atoke Tanga, alale njiani, aje mpaka Murungu kutafuta miti? Huyo kwao imekwisha. Tukasema kweli, mtu hafiki mbali hivi kwa raha. Na yeye ni mama, ana watu wa kupikia. Tukakuonea huruma, ndiyo tukaamua tukupe."

Nyuma ya nyumba ya babu yangu Handeni palikuwa na miti ambayo mama yangu alikatazwa kuingia peke yake. Mimi niliikuta imebaki visiki, na watoto wangu hawakukuta hata visiki. Karibu yote ilipanda malori magunia kwa magunia, na sehemu ya magunia hayo ndiyo iliyonivalisha sare ya shule. Mnalijua hilo, wengi wenu mlisoma hivyo hivyo. Hakuna kijiji kilichokaa siku mbili kubishana kwa ajili ya miti ile, na hakuna aliyetuonea huruma, wala sisi wenyewe.

"Imekwisha kweli, Mzee," nikamwambia.

"Ego," akasema taratibu, ndiyo ya Kiha, akiitikia kwa kichwa. Akachukua upawa, akaniongezea maharage.